Mukate wa nyumbani na nguo za kushona mwenyewe: nyie bamama mnapataka saa gani?

mama_wa_batatu (Bukavu, Kongo)

Jambo bamama, na bababa kama kuko wenye wanasoma humu jambo pia. Swali yangu inaweza kuonekana ya kitoto lakini inanisumbua tangu mwezi wa tatu.

Niko na batoto batatu, mukubwa iko na miaka 8, wa pili 4, na mubebe wa miezi 10 mwenye hapendi kabisa kushuka mugongoni. Minafundishaka, saa moja kasoro robo niko tayari barabarani, minarudia saa nane, na kutoka pale mpaka usiku sijui saa inapita wapi, maji, bugali, devwari (kazi ya shule) ya mukubwa, kufua, kunyonyesha, unakuja kukaa unaona giza imeshaingia na kuran (umeme) imeshakatika.

Sasa mama yangu, kule Bagira, alikuwa anapikaka mukate kila jumamosi mu sufuria, na nguo zetu za Noeli alizishonaka mwenyewe, sisi bane mu kitenge moja, watu wa avenue wakatuita korali. Mi nilijiambia hata mi nitafanyia batoto wangu vile.

Nimejaribu. Mukate: nilikanda saa mbili usiku, nusu kilo ya unga ya ngano, kijiko kizima ya levire (hamira) na maji ya moto-moto kidogo ili ipande mbio, nikasema nikae dakika 10 na mubebe. Nililamuka saa sita. Donge ilikuwa imesukuma kifuniko, imeshuka ku meza na inanuka kasiksi (pombe ya ndizi) kabisa, mutu angeingia angesema kuko sherehe. Nikaipika vile vile, juu makala (makaa), ndani bado uji. Mume wangu aliikula kwa heshima.

Nguo: kitenge ya 8 mars (siku ya banamuke) nilinunuaka yadi 6, nikashoneshea robe (gauni) yangu, ikabaki kipande nikasema nitashonea basichana. Nikakata robe ya yule wa miaka 4 juu ya kitanda. Mpaka leo iko mu sashe (mfuko) chini ya kitanda na mapini yake, na juzi nimeipima, mutoto ameshakuwa murefu, kitambaa kimebaki palepale. Kipande chenye sijakata kiko yadi moja na nusu hivi.

Nyie wenye mnafanyaka hivi vitu viwili na kazi na batoto, mnafanya namna gani? Mniambie ukweli, si ile ya picha.

---

bibi_wa_kadutu

Mutoto wangu, nimecheka ile ya kasiksi, lakini haukukosea kukanda, ulikosea levire. Kijiko kizima mu nusu kilo, na maji ya moto tena, hiyo ni ya mutu mwenye atakaa pembeni anaichunga. Na Bukavu iko juu, mita karibu 1500, huku donge inapandaka mbio kuliko vile inaandikwa ku karatasi ya sashe.

Weye hauna masaa, lakini uko na usiku. Fanya hivi. Unga nusu kilo, levire robo ya kijiko ya chai, robo nasema, si kijiko, chumvi kijiko ya chai moja na nusu, sukari kidogo. Maji ya baridi, twaa chupa ya soda ndogo ya santilita 33, bakisha vidole viwili juu, hiyo yote inaingia. Changanya na mwiko mpaka usione unga kavu, funika, enda kulalisha mubebe. Ukirudia kisha dakika 20 utakuta imekuwa laini yenyewe, kunja-kunja mara sita, saba, basi. Haina haja ya kukanda mpaka jasho itoke, usiku njo itakanda. Tia mu sahani kubwa yenye kifuniko, weka chini ku simenti, mbali na mbabula (jiko ya makala). Saa kumi na moja asubuyi utakuta imepanda mara mbili na inanuka muzuri.

Lakini usifanye siku ya kazi, utachelewa na utanilaani. Fanya ijumaa usiku, jumamosi unatengeneza, unatia mu sufuria yenye umepaka mafuta, unaacha saa moja ipande tena, unapika. Siku ya kazi ukitaka kabisa, megua vidonge, bonyeza-bonyeza na mukono vikuwe bapa, tia mu poeli (kikaango) kavu moto kidogo na ufunike, dakika tatu upande huu tatu upande ule. Batoto watakula na chai, hawatauliza kama ni mukate wa furu (oveni).

Na maji ya moto uache. Ukiweka kidole na unaondoa mbio, levire nayo imeshakufa.

---

binti_wa_goma

Bibi ameongea vizuri, mi naongeza habari ya moto, kwa sababu pale njo watu wengi wanaunguzaka. Ile ya kwako juu makala ndani uji, maana moto ilikuwa kali na sufuria ilikaa moja kwa moja ku makala.

Sisi huku Goma tuko na mawe ya bure, ile nyeusi ya volkano, 2002 lava ilipita katikati ya mji na mpaka sasa watu wanaijengea nyumba na kuta. Mi minaokota vidogo vidogo sawa yai, natandika chini ya sufuria kubwa, juu yake nakalisha sufuria ndogo yenye donge, nafunika, na makala nayatia ku kifuniko. Bukavu mutu anaweza kutumia mchanga mukavu, ni sawasawa. Siri ni hii: makala ya juu yazidi ya chini, mara mbili. Mwanamuke jirani alinifundisha hivyo baada ya mikate mitatu nimetupia kuku.

Mawe yakuwe makavu lakini, yaanike jua siku mbili, juu ile mawe iko na matundu inakunywa maji na ukiitia moto na maji ndani inapasuka. Yangu moja ilipasuka ikatoboa kifuniko, nashukuru mutoto alikuwa inje.

Dakika 35, 40. Geuza mukate, gonga chini na kidole, ukisikia kama ngoma imeiva. Na usikate ikiwa ya moto, najua batoto watalia, acha walie kidogo, ukikata ya moto ndani inashikana tena kama uji.

Kitu kingine na si mchezo: msimu wa mvua watu wanaingizaka mbabula ndani ya nyumba na kufunga dirisha. Makala yenye hayatoi moshi njo yenye inaua, haionekani na hainuki. Pikia inje ama ku mlango wazi, hasa na mubebe mugongoni.

---

sindano_na_uzi

Mi ni kuturye, nashonea watu, na nguo za batoto wangu mwenyewe zinakaaka mwaka mu sashe, kwa hiyo usijisikie vibaya dada.

Kwanza uache robe. Robe iko na mikono, iko na shingo, iko na zipu, hiyo ni kazi ya mutu mwenye iko na mchana mzima. Shona jupu (sketi) ya elastike. Kitenge upana wake ni santimeta 115 hivi. Mutoto wa miaka 4 kiuno chake kinacheza 52, 54, kwa hiyo upana muzima wa kitambaa unamutosha mara mbili, unapata marinda bila kukata ubavu. Kata urefu wa 45: ine za juu kwa elastike, nane za chini kwa pindo, inabaki 33. Wa miaka 8 mukatie 58. Jumla 103, na yadi moja na nusu ni 137, unabaki hata na ya mifuko. Ile robe ya mu sashe usitupe, inamungojea mubebe.

Hizo nane za pindo usizipunguze!! Mwaka kesho mutoto akirefuka unafumua unashusha, jupu inakuwa na mutoto. Ile ya kwako ilikufa juu ulikata kwa kipimo cha leo.

Fua kitenge kabla ya kukata, pamba inapungukaka, na ile ngumu-ngumu ya duka ikitoka njo unajua kitambaa chako kweli kiko namna gani.

Sasa wakati. Mi sishonaki "nguo", minashona mistari. Leo usiku nakata tu, nakunja, basi. Kesho ubavu mmoja, mustari mmoja mrefu, dakika 5. Kesho kutwa njia ya elastike. Mashini isifungwe, isifunikwe na nguo za kufua, ikae na uzi ndani, juu ukianza kutafuta uzi na sindano ile dakika 15 imeshaisha. Kama unaweza tafuta mashini ya miguu, hata mzee mzee, kuran ikienda inaendelea. Sindano namba 14 kwa kitenge, na mafuta tone moja moja kila wiki, si kuimwagia.

---

yaya_wa_nguba

Mi nitaongea ile yenye hamutapenda. Sipikaki mukate na sishonaki. Mukate nanunua asubuyi kwa yule mama wa kona, nguo za batoto nachagua ku chaguwa (mitumba) Kadutu, na batoto wangu wanakua.

Mama_wa_batatu, unasema mama yako alifanya yote. Alifanya na nani? Mi nimekulia nyumba kama hiyo. Mama alikanda, ndiyo, lakini mi njo nilishota maji, nikiwa na miaka 9, na mudogo wangu mugongoni, shangazi alikuwa anapepea moto, binamu kutoka kijiji alikuwa anafua. Jumamosi watu waliona mukate wa mama. Ile mikono mingine hakuna mwenye aliihesabu, na mmoja wetu alikosa shule miaka miwili juu ya hiyo mikono. Weye uko na mikono miwili na kazi ya kulipwa halafu unajipima na nyumba ya watu saba.

Sisemi usipike. Nasema kama jumamosi umechoka, lala. Na ule mume mwenye anakula kwa heshima, akuwe na heshima ya kuchanganya pia.

---

bibi_wa_kadutu

Yaya umesema kweli, hata mi wa kwangu walishota maji. Lakini robo kijiko ya levire haiombi maji ya mtu yeyote, ni sahani moja tu ya kuosha.

---

baba_mupishi

Bamama mniruhusu. Mi ni baba, niko Bukavu hapa hapa, na ijumaa usiku mi njo nachanganyaka. Ilianza mke wangu alipozaa kwa operesheni, hakuweza kuinama. Mara ya kwanza nilisahau chumvi, mukate ukatoka mweupe na kumezwa kama karatasi, na tuliula na avoka yenye chumvi mingi. Sasa batoto wakiona naleta sahani kubwa wanajua ni ijumaa. Rafiki walicheka, halafu mmoja akaniandikia pembeni kuuliza vipimo.

Nusu kilo ya unga inatoa mukate wa karibu gramu 750, kwetu watu watano unaisha kabla saa tatu asubuyi. Kwa hiyo msidhani utakula wiki nzima.

---

mama_wa_batatu

Bamama (na baba mupishi), nimerudi kisha wiki mbili.

Yaya wa Nguba, nilisoma maneno yako mara tatu. Nilimuuliza mama ku simu, nikasema mama, jumamosi nani alikuwa anabeba mudogo? Akanyamaza kidogo, akasema "dada yako, weye ulikuwa mudogo haukumbuki". Dada yangu hajawahi kupenda mukate wa nyumbani, nilidhani ni maringo.

Mukate: ijumaa ya kwanza nilisahau kabisa. Ya pili mukubwa njo alinikumbusha, alipima maji mwenyewe na vidole viwili, lakini vidole vyake ni vidogo kwa hiyo donge ilikuwa ya maji na kushikana ku mikono, nikaongeza unga kidogo. Mume alikamata mbabula na mchanga. Ulitoka umeinama upande mmoja kama nyumba ya Kadutu ku mteremko, ila ndani umeiva!! Niligonga, ikalia ngoma. Wa miaka 4 alikula vipande vinne na hakugusa bugali mchana.

Siku za kazi nanunua, sijaficha. Mara moja nimefanya ile ya poeli, mbili zikaungua nikimuvalisha mubebe.

Jupu: ya mudogo imeisha! Usiku ine, na moja ya hizo ine nililala juu ya mashini. Pindo nane nimeacha. Ya mukubwa ndiyo iko na shida, ninavyoandika hivi iko ku magoti: nilipitisha elastike, nikavuta ncha ya kwanza, ya pili ikaponyoka na kuingia ndani. Sindano_na_uzi uko? Nifumue yote?

---

sindano_na_uzi

Usifumue!! Papasa na vidole juu ya kitambaa mpaka usikie ncha imejikunja wapi, kusanya marinda yote upande huo mpaka ifike ku mdomo, uikamate na pini ya mubebe. Na mara nyingine shonea ncha ya pili ku kitambaa kabla hujaanza kuvuta ile ya kwanza.

---

mama_wa_batatu

Nimeikamata. Mubebe amelia, kesho nashona mdomo.