Baba kaacha karatasi ya wosia, mdogo wangu kashika kadi ya benki

BintiNewala:
Habari zenu. Baba, mwalimu mstaafu, alitutoka mwezi wa tatu, tukamzika Newala alikokuwa akiishi. Ameacha mama, wasichana wawili (mimi mkubwa, nafanya kazi Mtwara mjini) na mdogo wetu wa kiume. Kuna nyumba ya bati, shamba la mikorosho alilolinunua mwenyewe, na akaunti inayoingiza pensheni ya PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma, pamoja na pesa za korosho.

Siku ya arobaini mdogo wetu akatoa karatasi: nyumba yote yake. Mwandiko ni wa baba, ule wa ubaoni, siwezi kuukosea. Shahidi hata mmoja hayumo. Kabla hatujameza mate, wapwa wa baba nao wakasema kwetu Wamakonde mali ya mjomba huenda kwa wapwa, kwa hiyo mikorosho tusahau.

Kadi ya benki anayo mdogo wetu. Pensheni imeingia mara mbili baada ya msiba, zote kazitoa. Ati kanunua salfa, dawa ya mikorosho. Sisi ni Waislamu. Tuanzie wapi?

Mstaafu_Masasi:
Poleni sana, binti yangu. Anzeni na kadi. Pensheni ya mwezi hukoma mtu akifa. Iliyoingia baadaye si ya mirathi, itadaiwa. Pelekeni cheti cha kifo PSSSF wiki hii, mama aulizie na mafao ya wategemezi, aende na cheti cha ndoa. Salfa ni salfa, lakini hiyo hela irudi.

MzeeWaMahakamani:
Shauri la mirathi mfungulie Mahakama ya Mwanzo huko huko Newala. Ukilipeleka Mtwara watakurudisha, maana hufunguliwa alikoishi marehemu. Kaeni kikao cha ukoo, mpendekeze msimamizi, muhtasari uende mahakamani. Tangazo litabandikwa, wapwa wakitaka waweke pingamizi. Hakimu atatazama baba aliishi vipi: kama alioa, akaishi na kuzikwa Kiislamu, atagawa kwa sheria ya Kiislamu, na humo wapwa hawamo mradi mtoto wa kiume yupo. Ingekuwa ardhi ya ukoo ningekwambia mengine, ila hilo shamba alinunua.

Ile karatasi isikunyime usingizi. Wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali, na hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Mkigoma, nyumba inaingia kwenye mgawo. Kama wazazi wa baba hawako hai, fanyeni mafungu 32: mama 4, kijana 14, nyie wasichana 7 kila mmoja.

Msimamizi si mwenye mali, wengi hapa ndipo wanapoharibu. Ana miezi 4 ya kurudisha Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Namba 6 ya mgawanyo. Madeni hutoka kwanza. Na mama muulize kama mahari yake ilimalizwa. Iliyobaki nayo ni deni la marehemu.

BintiNewala:
Asanteni wazee wangu. Kadi nimeichukua jana, kanuna mpaka leo. Mama nimemuuliza habari ya mahari, kacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Anasema waliahidi shilingi mia nne na kitanda. Kitanda kilifika.