Themostati mbili katika nyumba moja ya Saint Paul: je, inatosha kufuata rangi za nyaya?

Mwenyeji Mpya (Saint Paul, Minnesota)

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tumenunua nyumba yetu ya kwanza, nyumba iliyojengwa mwaka 1968, na ningependa kubadilisha themostati zake mbili, yaani vifaa vya ukutani vinavyodhibiti joto la nyumba, kabla baridi kali haijaingia.

Ya kwanza iko sebuleni. Ni ile ya duara ya zamani, na nilipoondoa kifuniko chake niliona kichupa cha kioo chenye zebaki pamoja na nyaya nne nyembamba, yaani mwekundu, mweupe, wa manjano na wa kijani. Ndani ya tundu la ukuta kuna waya wa tano, wa buluu, uliokunjwa bila kufungwa popote. Mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto uko chini, katika chumba cha chini ya nyumba, na kiyoyozi kiko nje.

Ya pili iko katika chumba cha nyuma kilichoongezwa baadaye, ambacho hupashwa joto na hita ya umeme yenye urefu wa futi 6 iliyofungwa chini kabisa ukutani. Nyuma ya themostati hiyo kuna nyaya mbili tu, nene, mweusi na mweupe, ambazo zimeungwa kwa vikofia vya plastiki vya kusokota.

Nimekwisha kununua themostati mbili zinazofanana, za kuunganishwa na intaneti, na kijitabu chake kinasema zinatumia volti 24. Niliwahi kufunga umeme wa majumbani huko Morogoro kwa miaka kadhaa, kwa hiyo bisibisi na kipima umeme si vitu vigeni kwangu. Naomba kujua mambo mawili. Je, naweza kuzifunga zote mbili kwa namna moja, rangi kwa rangi? Na je, katika chumba cha nyuma inatosha kuzungusha themostati ya zamani hadi mwisho wa chini, hita ikazimika, kisha nikafungua nyaya?

Fundi wa Mitambo ya Joto (Columbus, Ohio)

Hongereni kwa nyumba. Kabla ya jambo jingine lolote, nakuomba sana usiziguse zile nyaya nene za chumba cha nyuma, na themostati moja kati ya hizo mbili uirudishe dukani.

Uzoefu wako wa Morogoro ni mali, lakini katika jambo hili moja unaweza kukuponza, na ndiyo maana naliandika kwa kirefu. Kule nyumbani, volti 230 au 240 unazipata kati ya waya wa moto na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na ukikata waya wa moto umemaliza kazi. Marekani haiko hivyo. Nyumba huletewa nyaya mbili za moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 dhidi ya ardhi, na zile volti 240 ni tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo mbili. Hita ya aina yako kwa kawaida hufungwa baina ya nyaya hizo bila nyutro yoyote. Kwa hiyo waya mweupe, ambao mkono wako utauchukulia kuwa nyutro, huenda una moto sawasawa na ule mweusi. Fundi mwangalifu huuzungushia utepe mweusi au mwekundu karibu na ncha ili kumwonya atakayekuja baada yake, lakini nimefungua masanduku mengi ambayo hayakuwa na utepe wowote.

Sasa zingatia themostati yenye nyaya mbili tu. Hiyo hukata upande mmoja peke yake. Ukiizungusha hadi mwisho, hita inapoa kweli, ila upande wa pili unabaki umeungana na waya wa pili wa moto kupitia katika koili ya hita yenyewe. Matokeo yake ni kwamba hita imezima, chumba kimeanza kupoa, na nyaya zote mbili zilizo mbele ya vidole vyako bado zina volti 120 kila mmoja dhidi ya ardhi, na volti 240 baina yao. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Chumba kile huzimwa kwenye breka, yaani swichi ya kukatia umeme iliyo katika sanduku kuu la umeme la nyumba, tena breka pacha, yaani zile mbili zinazosogea pamoja kwa mkono mmoja.

Themostati ya volti 24 ikifungwa pale itaungua papo hapo, na inaweza kuwasha moto ndani ya ukuta. Hata tukiacha habari ya volti, hita ya futi 6 mara nyingi ni ya wati 1,500, na wati 1,500 kwa volti 240 ni ampea 6.25, ilhali viungio vya ndani vya themostati ndogo vimeundwa kubeba takriban ampea 1. Chumba hicho kinahitaji themostati iliyoandikwa waziwazi volti 240, yenye uwezo unaozidi wati za hita. Ningependa iwe ile inayokata nyaya zote mbili, lakini hiyo huhitaji nyaya nne kwenye sanduku, na wewe umeona mbili. Fundi mwenye leseni atachagua kati ya kupitisha kebo nyingine na kufunga themostati kwenye ncha ya hita yenyewe. Mwombe pia aangalie iwapo nyaya ni za alumini, kwa sababu nyumba nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifungwa alumini, nayo haiungwi na shaba kwa kikofia cha kawaida.

Sebuleni unaweza kufanya mwenyewe. Pale ni volti 24 zinazotoka kwenye transfoma iliyo ndani ya mtambo wa gesi. Zima breka ya mtambo, kisha zima na swichi iliyo ubavuni mwake. Usiamini maandishi ya kwenye mlango wa sanduku la breka. Jaribu kipima umeme chako mahali unapojua pana umeme, pima kwenye mtambo, halafu rudi ukakijaribu tena pale pa kwanza, maana kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri.

Usifuate rangi. Fuata herufi iliyoandikwa kando ya kila skrubu ya themostati ya zamani: R ni umeme unaoingia, W ni joto, Y ni kiyoyozi, G ni feni, na C ni njia ya kurudia. Piga picha kabla hujalegeza skrubu hata moja, na ubandike kila waya kijikaratasi chenye herufi yake. Ule waya wa buluu ni bahati yako. Themostati za intaneti zinahitaji umeme wa kudumu, kwa hiyo ufunge kwenye C upande wa ukutani na kwenye C ya kadi ya mtambo (bamba la saketi linaloungwa nyaya hizi) kule chini, ukihakikisha kwanza kwamba ni waya ule ule katika ncha zote mbili. Ikiwa themostati mpya ina Rh na Rc, yaani R ya joto na R ya kiyoyozi, nawe una waya mmoja tu wa R, lazima sehemu hizo mbili ziungane, ama kwa kipande cha waya ama kwa mpangilio wa ndani wa themostati yenyewe. Ziba tundu la ukuta kabla ya kufunga bamba, kwa sababu hewa baridi inayopita ndani ya ukuta huidanganya themostati na mtambo ukawaka bila sababu. Unaporudisha mlango wa mtambo, ukae sawasawa, la sivyo swichi ya usalama iliyo nyuma yake haitaruhusu umeme kupita na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Mama wa Watoto Watatu (Brooklyn Park, Minnesota)

Kaka, sikiliza maneno ya fundi kuhusu breka hata kwa zile nyaya nyembamba. Mimi niliamini kwamba volti 24 haziwezi kumuumiza mtu, jambo ambalo kwa kiasi kikubwa ni kweli, nikaacha mtambo ukiwa na umeme. Ncha ya waya wa R iligusa ya C kwa sekunde moja, nikaona cheche ndogo, kisha nyumba nzima ikanyamaza. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Januari, na watoto walilala na makoti.

Kesho yake niligundua kwamba kilichokatika ni fyuzi iliyo kwenye kadi ya mtambo, fyuzi ya zambarau ya ampea 3 kama zile za magari, ambayo bei yake ni ndogo kabisa. Lakini kuna mitambo ya zamani isiyo na fyuzi hiyo, na hapo kinachoungua ni transfoma. Kwa hiyo nunua fyuzi ya akiba mapema, baada ya kusoma ampea zilizoandikwa kwenye kadi yako, na ufanye kazi hii asubuhi ya siku ambayo hata mtambo ukigoma, nyumba haitafikia hatari ya mabomba ya maji kuganda. Usisubiri theluji.

Msomaji wa Manchester (Uingereza)

Naomba kuwaonya wasomaji wenzangu walio Uingereza wasichukue maelezo ya volti 24 na kuyatumia kwenye nyumba zao. Huku themostati nyingi za ukutani zinazoendesha boila hukata na kuunga umeme wa volti 230, na mtu akifungua kifuniko akidhani ni umeme mdogo anaweza kupoteza maisha.

Rangi nazo ni mtego kwa sisi tuliohama. Katika nyumba za zamani za hapa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani za Afrika Mashariki, mwekundu ni waya wa moto na mweusi ni nyutro; siku hizi ni kahawia na buluu. Marekani mweusi ni waya wa moto. Fundi aliyejifunza Morogoro au Nakuru akiuona waya mweusi pale Minnesota, mazoea yake yote yanamwambia kwamba huo ni wa salama.

Mwenyeji Mpya (Saint Paul, Minnesota)

Nawashukuru nyote, na hasa fundi wa Columbus. Niliizima breka pacha ya chumba cha nyuma, nikaifunga kwa utepe ili mtu asiiwashe, nikamwita fundi umeme mwenye leseni. Alipofika aliiwasha kwa dakika chache ili apime mbele yangu, themostati ikiwa imezungushwa hadi mwisho wa chini. Waya mweusi dhidi ya ardhi ulisoma 120. Mweupe nao ukasoma 120. Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi, nami nakiri kwamba ningeushika ule mweupe bila wasiwasi wowote. Nyaya ni za shaba, na amependekeza themostati ya kwenye ncha ya hita, kazi ambayo ataifanya wiki ijayo baada ya kuchukua kibali cha jiji.

Sebuleni nimemaliza mwenyewe. Nilipoondoa bamba la zamani nilikuta kwamba waya wa manjano umefungwa kwenye W, na mweupe ndio uliokuwa kwenye Y, na kule chini kwenye kadi ya mtambo hali ni hiyo hiyo. Kama ningefuata rangi, kila tunapoomba joto kompresa ya kiyoyozi kule nje ndiyo ingewaka. Mtambo umewaka vizuri, na tumeuweka nyuzi 68 za Farenihaiti, ambazo ni 20 za Selisiasi. Je, nijaribu na upande wa kiyoyozi sasa? Na themostati ya zamani niitupe wapi?

Fundi wa Mitambo ya Joto (Columbus, Ohio)

Kiyoyozi usikijaribu sasa. Nje kukiwa chini ya nyuzi 60 za Farenihaiti, yaani kama 16 za Selisiasi, kompresa inaweza kuharibika ikiendeshwa. Subiri majira ya kuchipua, na utakapoijaribu usishangae ikichelewa dakika chache kuwaka, kwa kuwa themostati huichelewesha makusudi ili kuilinda.

Ile ya duara usiitupe kwenye taka. Kichupa kimoja huwa na takriban gramu 3 za zebaki, na sheria ya Minnesota hairuhusu zebaki kuchanganywa na taka za nyumbani. Usikivunje wala usikichomoe kichupa. Iweke themostati nzima ndani ya mfuko unaofungika, kisha ndani ya kopo gumu, ikae imesimama mahali ambapo watoto hawafiki, na uipeleke katika kituo cha kaunti yako kinachopokea taka hatari. Mimi huzishika themostati za aina hiyo kwa heshima, kwa sababu kazi hii yetu ina mizizi huko uliko: mwaka 1885 Albert Butz alianzisha pale Minneapolis kampuni ya kudhibiti joto la majumbani, na kampuni iliyokua kutokana na hiyo, Honeywell, ndiyo iliyotoa themostati ya duara mwaka 1953.

Fundi wa chumba cha nyuma akimaliza, mwombe aandike kwa kalamu ya wino, kwenye mlango wa sanduku la breka, breka ipi ni ya hita ile, na azungushe utepe mweusi kwenye waya mweupe kabla hajafunga kifuniko.