Nimekabidhiwa idara nzima na vikao vimekuwa kimya: nitangulize kujifunza nini?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nimefanya kazi ya uhandisi kwa miaka mingi, kazi ambayo hupimwa kwa usahihi wa hesabu, lakini sasa nimekabidhiwa idara yenye mameneja wanaowajibika kwangu, na pia natakiwa kuwasilisha taarifa mbele ya bodi ya wakurugenzi. Mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni kwamba nikieleza mpango kikaoni na kuuliza kama kuna mwenye maoni, wote huitikia kwa vichwa, kisha baadaye nasikia kwa njia za pembeni kwamba wengi wao hawakuafiki. La pili ni kwamba mwenyekiti wa bodi hunikatiza kabla sijaifikia hoja yenyewe. Mwajiri yuko tayari kunigharamia kozi ya kuzungumza mbele ya hadhira. Je, kozi hiyo inatosha, au kuna ujuzi mwingine wa kutanguliza?

Rubani Mstaafu

Mkuu, tatizo lako la kwanza si la ulimi, na kozi ya kuzungumza haitaligusa. Sisi wa urubani tulilijifunza kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu, wakafa watu 583. Kinasa sauti kilionyesha kwamba ndege ya KLM ikiwa imeshaanza kukimbia, mhandisi wake aliuliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Nahodha, aliyekuwa mkufunzi mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka, na swali likaishia hapo. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingine pia, ikiwemo mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini shaka iliyoweza kuwaokoa ilitamkwa na haikupata wa kuisikiliza.

Kutokana na ajali za aina hiyo, NASA, shirika la Marekani la utafiti wa anga, iliitisha warsha mwaka 1979, na mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wasaidizi namna ya kusema na manahodha namna ya kuuliza. Upande wa pili ndio mgumu zaidi, na ndio unaokuhusu wewe. Ukishaeleza mpango wako kisha ukauliza kama kuna mwenye maoni, umewaomba wakupinge, na ni wachache walio tayari kumpinga bosi mbele ya wenzao. Eleza tatizo, ficha suluhisho lako, waache wao watangulie kusema, ukianza na aliye mdogo kwa cheo. Kisha uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa kuitikia kichwa, mfano: mpango huu ukishindwa, mnadhani utakuwa umeshindwa kwa sababu gani? Halafu vumilia ukimya. Wakurugenzi wengi huuliza swali zuri na kulijibu wenyewe kabla watu hawajavuta pumzi.

Karani wa Bodi

Nitajibu la bodi tu, kwa kuwa ndiko nilikozeekea. Wahandisi husimulia safari: tulipima hiki, tukakuta kile, hivyo tunapendekeza. Mjumbe wa bodi anataka kuanzia mwisho. Sentensi yako ya kwanza iseme unachoomba, yaani kuidhinisha, kuchagua au kupokea taarifa tu. Ya pili iseme gharama na hatari. Mengine yote yawe majibu ya maswali watakayouliza. Na jifunze kuandika, maana maandishi hufichua hoja legelege ambayo slaidi huifunika. Amazon iliondoa slaidi katika vikao vya viongozi wake wakuu mwaka 2004, na badala yake huandaliwa waraka wa maelezo usiozidi kurasa sita, ambao wajumbe huusoma kimyakimya kabla mjadala haujaanza. Si kila bodi itakubali utaratibu huo, lakini hata ukurasa mmoja uliotumwa mapema utapunguza kukatizwa.

Mnenaji

Wakuu, msimkatishe tamaa na kozi. Katika vilabu vya Toastmasters vya kujizoeza kuzungumza hadharani, vilivyoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, mtu hupewa mada ya ghafla na kuizungumzia kwa dakika moja au mbili tu, na mwenye hotuba iliyoandaliwa husikia tathmini yake mbele ya wenzake. Mazoezi hayo yanamfaa kabisa mtu anayekatizwa na mwenyekiti. Zaidi ya hayo, atajifunza kupokea ukosoaji hadharani bila kujitetea, jambo ambalo Rubani Mstaafu analitaka pia.

Mleta mada

Nawashukuru. Kozi nitaichukua, ila naona nianze na vikao. Swali moja limebaki: juzi meneja mmoja alinipinga waziwazi, jambo ambalo ni nadra, lakini takwimu alizotumia hazikuwa sahihi. Nikimsahihisha mbele ya wenzake, si nitakuwa nimewafunga midomo wote?

Rubani Mstaafu

Msahihishe, tena palepale, kwa sababu ukiliacha kosa lipite watajua kwamba unawabembeleza. Kinachowafunga watu midomo ni namna unavyosahihisha. Mshukuru kwa kuibua hoja, muulize takwimu zimetoka wapi, onyesha zilizo sahihi, kisha uliza kama hoja yake bado inasimama baada ya marekebisho, maana mara nyingi tarakimu hukosewa na wasiwasi wenyewe ukabaki wa kweli. Tofautisha hilo na suala la mwenendo, kama kuchelewesha taarifa au kuwadharau wenzake. Hayo huzungumzwa ana kwa ana, kwa kutaja tukio lenyewe, alichofanya na athari yake, pasipo kumpachika mtu sifa ya uvivu au kiburi.

Karani wa Bodi

Naongezea dogo: hoja yake na sababu ya kutoifuata ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili hali ikibadilika muweze kuirejea bila yeye kulazimika kuanza upya kuwashawishi.