Urithi wa binti nchini India: kwa nini anauachia kaka zake?

Msomaji wa Sheria:
Ndugu zangu, tangu Sheria ya Urithi ya Wahindu iliporekebishwa mwaka 2005, binti ana fungu sawa na la kaka yake katika mali ya ukoo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India ilithibitisha kwamba haki hiyo ni yake tangu kuzaliwa. Hata hivyo, huko Rajasthan ni jambo la kawaida binti, hata aliyesoma na mwenye ajira, kutia saini hati ya haq tyag inayowaachia ndugu zake wa kiume fungu lake. Kwa nini anakubali?

Bi. Mwanaidi:
Mwanangu, usidhani kwamba hajui haki yake. Mwanamke akishaolewa, anahamia kwa wakwe, na ndoa ikimshinda hana pa kukimbilia ila nyumba ya wazazi wake, ambayo baba akifariki inakuwa mikononi mwa kaka. Kaka huyo ndiye anayefungwa uzi mkononi kila sikukuu ya Raksha Bandhan na kuahidi kumlinda dada yake. Dada anayedai shamba huonekana mchoyo, naye huogopa kufungiwa mlango siku atakapouhitaji. Kwa hiyo anatoa ardhi ili abaki na ndugu. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, hata kama linafanyika kwa upole.

Mzee Kombo:
Wengine hudai kwamba binti alikwishapewa chake wakati wa harusi. Hoja hiyo siikubali: mahari ambayo huko hutolewa na upande wa bibi arusi yamepigwa marufuku tangu mwaka 1961, na yanapotolewa kwa siri, mara nyingi huishia kwa wakwe.

Dada Neema:
Naongezea kwamba jambo hili si la Wahindu peke yao. Mary Roy, Mkristo wa Kerala, alipinga mahakamani sheria ya zamani ya Travancore (ufalme wa zamani ambao sasa ni sehemu ya Kerala) iliyompa binti robo ya fungu la mwana wa kiume au rupia 5,000, kwa kuchukua kiasi kilicho kidogo zaidi. Alishinda mwaka 1986, lakini ilimchukua miaka mingi zaidi kulipata fungu lenyewe, akiwa amekosana na kaka yake. Kwa sababu hiyo simlaumu binti anayetia saini. Namlaumu kaka anayemletea hati hiyo wakati matanga ya baba yao hayajaisha.