Padiri amekataza kukaribia altare, familia inataka picha ya pete. Nifanye nini?

Jicho la Katuba
Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Kazi yangu ni kupiga picha za arusi, na Jumamosi ijayo nina ndoa katika parokia moja hapa mjini. Padiri alituita, mimi na mwenzangu wa video, akatupa masharti: flashi hapana, kupanda altareni hapana, kutembea katikati ya kanisa hapana, na tangu mageuzo, padiri anapoweka wakfu mkate na divai, mpaka komunyo kamera zishuke kabisa. Tukae upande wa kushoto, nyuma ya benchi ya tatu.

Familia imeshatoa avansi. Mama wa bibi-arusi anataka pete ionekane ikiingia kidoleni na uso wa binti yake uwe wazi, kwa sababu babu aliyemlea yuko Ubelgiji, ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Aliniambia, "Hizo picha ndizo arusi yake mzee." Neno hilo limenikaa moyoni. Padiri simlaumu, lakini kule nyuma nitapata migongo ya wasimamizi tu. Nimrudie? Nirudishe pesa? Wakubwa wa kazi, mnafanyaje?

Mzee Lenzi
Mdogo wangu, pesa usirudishe. Rudi kwa padiri, ila usiende kuomba ulegezewe masharti. Omba mahali pa kusimama, basi. Mwambie: "Baba padiri, nipe pembe moja karibu na korali. Nitasimama pale kuanzia mahubiri yakiisha hadi pete zivikwe, sitasogea hata hatua." Mapadiri wengi niliofanya nao kazi wanachukia kutembeatembea kwetu kuliko kamera yenyewe. Muombe pia maarusi waangaliane wakati wa kiapo badala ya kuelekea altare. Wakiangaliana, wewe wa pembeni unapata nyuso zote mbili na mikono.

Kuhusu vifaa: tafuta lenzi ya 70-200, f/2.8, ile inayovuta mbali na kupokea mwanga mwingi, hata kwa kuazima. Bila flashi utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona gizani, hadi 3200, pengine 6400. Usiogope chembechembe, ogopa picha iliyotikisika. Kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Na jihadhari na ile hali ya kamera kupiga bila sauti kabisa: chini ya neoni au taa za LED inaweza kuacha mistari kwenye picha nzima. Nenda ukaijaribu ndani ya kanisa lenyewe, saa ileile ya misa, taa zikiwa zimewashwa.

Msoma Somo
Mimi nahudumu katika liturujia. Ndugu, hebu soma tena masharti yako. Kiapo na pete huja baada ya mahubiri, kabla ya maombi ya waamini. Mageuzo ni baadaye. Kwa hiyo katazo la mageuzo halikunyimi pete hata kidogo. Kinachokuzuia ni ile benchi ya tatu, na hapo Mzee Lenzi amesema kweli.

Padiri wako naye hakujitungia. Maagizo ya Roma ya tarehe 25 Mei 1967, Eucharisticum mysterium, namba 23, yanataka picha zisivuruge ibada, zipigwe kwa busara kubwa, na kanuni za askofu wa mahali zifuatwe. Muulize kwa heshima kama jimbo kuu lina kanuni zake, ili ujue lipi anaweza kulilegeza yeye na lipi haliko mikononi mwake.

Bibi-arusi wa Kampemba
Naomba niseme kama mtu aliyesimama pale mbele. Siku ya ndoa yangu kulikuwa na mtu kapiga goti kati yetu na padiri, taa ya video inaniwakia machoni. Mume wangu alikuwa anatamka kiapo, mimi nahangaika kufumbua macho. Picha zilitoka nzuri sana. Lakini uso wa mume wangu wakati ule naujua kwa picha, sikuuona. Kaka, fanya kazi yako, ila muachie dada yule nafasi ya kumwona mtu anayemuoa.

Na simu! Mashangazi na marafiki walijaa njia ya katikati, simu juu. Muombe padiri atangaze kabla ya misa kwamba watu wakae, mpiga picha yupo.

Mtoto wa Metodisti
Kwetu pasta anakubali mazoezi siku moja kabla. Uliza kama yapo. Na komini, kwenye ndoa ya serikali, je? Wakienda kwa afisa wa hali ya raia, mara nyingi unaweza kusogea zaidi.

Jicho la Katuba
Asanteni sana. Dada wa Kampemba, nimekusoma mara mbili. Swali: nikikosa pete, naweza kuwaomba wavishane tena baada ya misa, kwa ajili ya picha?

Msoma Somo
Kiapo kisirudiwe, tafadhali. Kile ni kitu cha kweli, kimeshafanyika mbele ya Mungu na mashahidi wawili. Subiri wanapotia sahihi kitabu cha ndoa. Wengine hufanyia sakristia, wengine mbele ya watu, ila kamwe si juu ya altare. Mikono iko mezani, pete ziko vidoleni, na hakuna anayeigiza. Omba ruhusa ya kusogea pale.

Mzee Lenzi
Naafiki. Pete ya kuvishwa mara ya pili inaonekana, nyuso zimeshapoa. Kwa yule babu, omba simu moja tu ifungwe kwenye stendi karibu na korali, imwonyeshe misa moja kwa moja. Simu isiyotembea haimsumbui mtu. Jaribu intaneti ya pale mapema, na mtu wa familia ashike mawasiliano na Ubelgiji, si wewe.

Jicho la Katuba
Kesho baada ya misa ya asubuhi naenda kwa padiri. Nimemuomba mama wa bibi-arusi tuende pamoja, amekubali.

Mzee Lenzi
Vizuri. Aongee yeye kwanza habari za mzee. Wewe ukishaonyeshwa mahali pako, pimia na lenzi hapohapo, na umwonyeshe mama kwenye kioo cha kamera picha itakavyokuwa, kabla hamjatoka kanisani.