The Inspector (1965–1969): diski, filamu ya milimita 16 au mchoro halisi?

Mdaka Katuni: Wakuu, nina hela ya kitu kimoja tu cha The Inspector, zile katuni 34 za studio ya DePatie–Freleng kuhusu Inspekta wa polisi wa Paris. Nichukue diski ya Blu-ray iliyotolewa na kampuni ya Kino Lorber 2016, reli ya filamu ya milimita 16, au mchoro wa studio, ule uliopakwa kwenye plastiki na kupigwa picha kutengeneza katuni?

Fundi Projekta: Filamu tamu, ila uwe macho. Kopi nyingi za miaka ile zilichapwa kwenye Eastmancolor, aina ya filamu ya rangi, na buluu ndiyo inayotangulia kupotea. Anga la Paris unalikuta limekuwa jekundu. Mwambie muuzaji akupigie picha ya vipande vichache mbele ya taa. Muulize na harufu. Ikinuka siki, achana nayo, maana inaoza na itaharibu reli zako nyingine kabatini.

Bibi Sinema: Mimi natetea diski, na sababu ni sauti. Televisheni ya NBC ya Marekani walipozirusha kuanzia 1969 walizibandika vicheko vya kurekodiwa, na vicheko vile vinaua utani wote. Bomu liko mkononi, Inspekta anatukodolea macho, kimya kidogo, ndipo linalipuka. Kile kimya ndicho kinachochekesha! Kwenye diski unazipata kama zilivyoonyeshwa sinema. Anza na ya kwanza kabisa, The Great De Gaulle Stone Operation: mwizi ana mwili mmoja na vichwa vitatu, halafu vichwa vyenyewe havielewani.

Mdaka Katuni: Shikamoo Bibi. Hapo umenigusa.

Bibi Sinema: Marahaba mwanangu.

Wa Tanga: Kabla hujalipa: diski za Blu-ray hugawanywa kwa maeneo ya dunia yanayoitwa kanda, na hiyo ni ya soko la Marekani, kanda A. Mashine za huku kwetu ni kanda B, haitasoma. Tafuta mashine ya kanda zote.

Rangi na Wino: Mbona mchoro mmeuruka? Hicho ndicho kitu kilichopita mikononi mwa wasanii wenyewe. Rangi hupakwa nyuma ya plastiki, kwa hiyo ugeuze utazame kama inabanduka. Na ukiupata, usiutundike panapopiga jua. Mimi ningetafuta ule wa Inspekta akiwa mweusi tii baada ya mlipuko.

Mdaka Katuni: Basi diski, pamoja na mashine ya kanda zote. Rangi na Wino, ukiona mchoro wa mlipuko unauzwa, nitumie ujumbe.