Wauza muvi wa Lamu, mnatukatia picha kisha mnatuuzia kama sifa!

Jamani, hili limenifika shingoni. Muvi za kwenye flashi tunazouziwa hapa Lamu siku hizi zimekatwa. Wateja wenye TV za kisogo, zile nene za zamani, walilalamikia ile mikanda myeusi ya juu na chini, basi wauzaji wakaona dawa ni kuikata picha kushoto na kulia mpaka ijae kioo. Faili wanaliandika "kioo kizima". Bei haikupungua hata shilingi.

TV ya kisogo umbo lake ni 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Muvi nyingi kubwa, za Marekani na hizo za Kihindi zinazopendwa huku Langoni, zimepigwa kwa upana wa 2.39 kwa 1. Chukua TV ya inchi 21: kimo cha kioo ni kama inchi 12 na nusu, picha ikiingia nzima inachukua inchi 7 tu, kwingine kote ni kweusi. Ni ndogo, sikatai. Lakini imetimia. Ukitaka ijae bila kuivuta, utatupa asilimia 44 ya upana wake. Karibu nusu ya kazi ya watu!

Juzi nimemwekea mamangu muvi ya Kihindi. Watu wawili wanazungumza mezani, mmoja huku, mwengine kule. Tulichokiona sisi ni meza, birika la chai na vidole vya mtu. Maneno yanasikika, anayesema haonekani. Maandishi ya chini nayo, neno la kwanza halipo, la mwisho halipo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu asemaye yuko wapi?" Nimjibu nini?

Nikaenda dukani. Kijana wa pale, bila haya, ananiambia TV ndiyo mbovu, ninunue bapa. Uongo! TV bapa ni 16:9, yaani 1.78 kwa 1. Muvi ya 2.39 ukiiweka humo, robo ya kioo bado itakuwa nyeusi. Na anasema ninunue kana kwamba TV mpya inaokotwa Mkunguni. Itoke Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ipandishwe boti, ishushwe gatini, ipite vichochoro juu ya punda au begani kwa hamali, na ikipasuka njiani hasara ni yangu. Yote hayo kwa sababu gani, na ya mama inawaka vizuri haina ila?

Mafundi nao wana lao. Tangu matangazo ya analogi yazimwe 2015, kila mwenye TV ya zamani ana dikoda, na fundi akija kuifunga anaiacha kwenye 16:9. Nyuso zote zinarefuka kama zimevutwa kidevuni. Ingia kwenye mipangilio, tafuta umbo la TV, chagua 4:3 LB, yaani picha nzima na mikanda yake myeusi. Deki nyingi za DVD zina chaguo hilo hilo. Ni kazi ya rimoti, haifiki dakika tano, na mtu amelipwa!

Upana huu si ajali. Filamu za kale zilikuwa karibu na 4:3, na TV ikalifuata umbo hilo. Miaka ya 1950, TV zilipoanza kuwaweka Wamarekani majumbani, studio zikapanua picha ili warudi kwenye majumba ya sinema. CinemaScope, mfumo wa picha pana, ikatoka 1953. Tangu hapo mpiga picha anayechagua upana huo anapanga watu wake mpaka pembeni kabisa. Pembeni ndiko mnakokata.

Asiyetaka mikanda, deki nyingi zina kitufe cha kukuza picha kwenye rimoti. Abonyeze mwenyewe, akichoka abonyeze tena, picha irudi ilivyokuwa. Faili mlilolikata nyinyi halirudi. Kwa nini mtuamulie sote?

Wewe uliyeniuzia ile ya juzi unajijua. Nipe faili zima au nirudishie pesa zangu. Na ndugu zangu wa Malindi, kama huko kuna duka linalouza muvi bila kuzigusa, niandikieni hapa liko mtaa gani. Basi zinakuja kila siku, nitaagiza.